Wema wa asiyesali

Juzi kwenye maombi hapa Majengo, mhubiri alisema asiyemwogopa Mungu hawezi kuwa na utu. Watu wakaitika amina. Mimi amina haikunitoka.

Ni muumini, nasali kila siku. Lakini nilikuwa hapa Goma volkano ya Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 Mei 2021, na tarehe 27 tulipoamriwa kuhama. Barabara ya Sake ilifurika watu, magodoro vichwani, watoto mgongoni. Jirani yetu, mzee mmoja seremala ambaye haendi kanisani wala msikitini na hafichi kwamba haamini, alishusha vyombo vyake vya kazi kutoka kwenye chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, akampakia bibi wa nyumba ya pili asiyeweza kutembea. Vyombo vyenyewe ndivyo vilivyomlisha! Hakuna aliyemwahidi pepo. Nilipomuuliza, alinishangaa: "Sasa mama yule angebaki na nani?"

Paulo mwenyewe aliwaandikia Warumi kwamba mataifa yasiyo na sheria hutenda ya sheria kwa asili, maana imeandikwa mioyoni mwao. Kwa nini hilo halihubiriwi? Na huku Kivu, miaka yote hii ya vita, nimeona wenye bunduki waliovaa rozari shingoni.

Imani yangu hunipa nguvu ya kusamehe, silikani hilo. Ila kumwambia yule mzee kwamba wema wake si wema kwa sababu hasali, siwezi. Wachungaji na mashehe mliomo humu, naomba mnijibu: mtu wa namna hiyo mnamwelezaje?