Kushindia juisi tu, mwili unavyokujibu

Jamani mnaoniuliza inbox kuhusu kushindia juisi bila kula, mi bado naendelea na mwili unaongea haswa. Kichwa ndo cha kwanza, kinagonga balaa, watu wanasema eti sumu zinatoka, sumu gani wakati mtu kaacha kahawa na chai ghafla, hiyo ni kafeini tu mwili unaidai, huwa inaanza masaa 12 mpaka 24 baada ya kuacha na inaweza kwenda siku kadhaa. Halafu ukiinuka haraka kitandani unaona giza, kwa hiyo kaa kwanza ndo usimame. Baridi nayo, Dar hii na joto lote hili mi natafuta kanga nijifunike 😅 Na mkinywa bitiruti msije mkapiga kelele mkiona mkojo mwekundu, choo nacho hivohivo, ni rangi yake tu.

Kilo zinashuka fasta ila nyingi ni maji, maana sukari inayotunzwa kwenye ini na misuli kila gramu 1 inakaa na maji kama gramu 3, ukirudi kwenye ugali na maji yanarudi. Juisi ya matunda matupu inapandisha sukari halafu inaishusha, mikono inatetemeka, mi nachanganya tango na mchicha.

Wenye kisukari mnaochoma insulini, wajawazito na wanaonyonyesha hii siyo yenu kabisa, na moyo ukianza kwenda mbio ovyo au unahisi kuzimia acha, kula, nenda ukapimwe.