Fimbo na rili ya kuvulia crappie
Crappie, samaki wa maziwa ya Marekani, ana mdomo laini kama karatasi: ukimvuta kwa fimbo ngumu, ndoana inachana nyama, samaki huyo anakwenda zake. Chukua fimbo nyepesi ya futi 6 hadi 7, yenye ncha inayopinda kirahisi na shina lenye nguvu ya kumtoa samaki kwenye matawi yaliyozama. Rili, kile kifaa cha kukunjia mshipi, ya saizi 1000 yatosha. Ile kubwa ya 2500 ni kujichosha mkono bure. Mshipi uwe wa kuhimili paundi 4, au 6 penye miti mingi. Usiujaze kwenye rili hadi ukingoni, acha kama milimita 2, la sivyo utafumuka mafundo mafundo ukirusha. Breki ya rili ilegeze: mshipi utoke ukiuvuta kwa vidole. Unavua bluegill, samaki mwingine wa huko? Fimbo ya futi 5 na nusu, ndoana ndogo.