Shikamoo ya Juu ya Punda

Wiki iliyopita tulikuwa kwenye SGR, tunarudi Dodoma. Binti yangu akapapasa kioo pande zote, akauliza, "Mama, hili dirisha linafungukia wapi?" Halifunguki, nikamwambia. "Sasa wale wa kuku wanauzaje?" Kosa langu. Mimi ndiye niliyemjaza habari za kuku wa Saranda, stesheni ya reli ya zamani wanapouziwa abiria dirishani, tangu hajaota meno. Humu ni kiyoyozi tu, safari ya Dar hadi Dodoma haifiki hata masaa manne, wala huoni mkono wa mtu ukikunyooshea karanga.

Nilicheka, halafu nikanyamaza. Dirisha la treni la kufungua haliniletei kuku. Linaniletea punda.

Septemba 2013. Wale wa kikundi cha upatu mnakumbuka, msinikane: "Treni na farasi, pori la kaskazini mwa Bahi, elfu arobaini kwa kichwa." Mratibu wetu alikuwa na mdomo wa kumuuzia Mgogo ubuyu. Treni, ile ya reli ya Mjerumani, tuliitarajia asubuhi, ikaingia Dodoma saa saba mchana. Daraja la tatu, magoti kwa magoti, Zuzu, Kigwe, vumbi mpaka kwenye kope. Bahi tukalala. Kulipokucha, farasi wakawa punda saba, na sisi tulikuwa kumi na wawili.

"Farasi wako wapi, mzee?" mmoja wetu akauliza.

Mzee mwenye punda akamtazama tu. "Hawa hawali sana," akasema.

Tukacheka hadi kushika mbavu. Tukapangiana zamu. Mimi nikawa wa kwanza, nimevaa miwani ya jua na kofia pana, nimekalia gunia lililokunjwa mara mbili. Mibuyu haikuwa na jani hata moja. Kuhusu pori lenyewe sina mengi. Muda wote nilikuwa nayaangalia masikio ya punda.

Tulipofika kwenye korongo, wenzangu wakavuka moja kwa moja. Wangu akakata kushoto. Nikavuta kamba, nikampiga visigino, nikamwita majina yote. Hakukimbia wala hakukaidi kwa fujo. Alitembea tu, taratibu, kama mtumishi wa miaka ishirini anayekwenda ofisini kwake. Mchanga ulikuwa unammeza hadi juu ya kwato, naye anajua pa kukanyaga.

Mbele palikuwa na kisima: shimo katikati ya mchanga, limezungushiwa matawi ya miiba mifugo isiingie. Kando, madumu manne ya njano, matatu matupu. Mama mtu mzima alikuwa ameinamia shimo, anachota kwa kikopo, anasubiri maji yajikusanye, anachota tena. Punda akasogea hadi kwenye madumu, akageuka, akaweka ubavu. Akasimama. Alikuwa anasubiri kupakiwa.

Mama akainua kichwa. Alimtazama punda kwanza, kisha mimi.

"Shikamoo mama," nikasema. Kwa kumtazama chini. Nimeamkia watu wengi maishani, sijawahi kuamkia mtu mzima nikiwa nimemkalia punda wake.

"Marahaba." Akajifuta mikono kwenye khanga. "Umemleta?"

Miwani ya jua, kofia, kamera shingoni. Na mimi, sijui kwa nini hadi leo, nikajibu, "Ndiyo, mama."

Akaanza kufunga kifuniko cha dumu. Ndipo kijana wa yule mzee alipotokea mbio, ana fimbo, akasema maneno kwa Kigogo, harakaharaka. Mama hakumjibu. Alilifungua tena lile dumu, akainama shimoni, akarudia kuchota. Kijana akashika kamba, akamgeuza punda kwa nguvu, tukaondoka. Nyuma yangu nilisikia kikopo kikikwangua mchanga.

Hela ililipwa, najua, mratibu alimhesabia mzee mbele yetu. Huenda ilikuwa hela nzuri kuliko maji ya siku moja. Nimelirudia hilo mara nyingi, na kila nikilirudia naliona lile dumu likifunguliwa tena. Kuna picha yangu ya siku ile, nimecheka meno yote nje. Ilipigwa baadaye, si kabla.

Haya yote nikamsimulia binti yangu, nikiruka hapa na pale. Akasikiliza, vidole bado viko kwenye kioo.

"Ukashuka?"

Tangazo likasema tunaingia Dodoma. Nikamwambia avae viatu.