Siku moja maishani mwangu: kappiya wa hekalu, Ubon Ratchathani, Thailand

Wageni wakiniona nimevaa nyeupe, nimebeba sinia nyuma ya watawa, hudhani mimi ni mtumishi tu. Kazi hii huitwa kappiya: kufanya yale ambayo Vinaya, sheria ya watawa wa Kibudha, inamkataza mtawa. Hashiki pesa, hapiki, hachimbi udongo, hakati mmea, wala haweki chakula cha kesho.

Saa 10 alfajiri: kengele, sala, ufagio. Kukipambazuka hata mistari ya kiganja ionekane, watawa hutoka peku na mabakuli, na wanakijiji huwatilia matonge ya wali wa kunata.

Saa 1 asubuhi ni zamu ya matunda. Machungwa, nyanya, chochote chenye mbegu za kuota, hupangwa yagusane kwenye sinia moja. Mtawa husema "kappiyam karohi" (yafanye yaruhusiwe), nami natoboa moja kwa kisu nikijibu "kappiyam bhante" (yanaruhusiwa, mheshimiwa). Yakigusana, hilo moja linatosha. Yakiachana, kila fungu hutobolewa lake. Kisha sinia hunyanyuliwa na kukabidhiwa kwa karibu, ndani ya dhiraa mbili na nusu. Mwanamke huiweka juu ya kitambaa anachokishika mtawa. Meza asiyoweza kuinyanyua mtu mmoja haihesabiwi kuwa imetolewa.

Saa 5 na nusu, basi la mahujaji kutoka Bangkok. Hapa ndipo kazi inapochosha. Masufuria bado ya moto, kiongozi wa msafara anahutubia, wengine wanapiga picha. Jua likishapita utosini, hakuna mtawa anayekula. Bangkok jua huchelewa kufika hapo kama robo saa kuliko huku, basi wao huona muda ungalipo. Haupo! Nawakimbiza kwa adabu, jasho linanitoka.

Halafu bahasha. Mtu anaisukuma mkononi mwa mtawa, mtawa anavuta mikono, mtoaji ananuna. Mtawa hawezi hata kusema "mpe yule". Ila akiulizwa nani anamhudumia, anaweza kunionyesha. Napokea, naandika kiasi na kusudi: dawa, nauli, joho. Baadaye mtawa akihitaji kitu, ananikumbusha mara 3 kwa maneno, au anakuja kusimama kimya hadi mara 6. Nikiendelea kuzembea, anamwarifu mtoaji akadai pesa zake. Wengi huona huu ni ukaidi wa bure, lakini shabaha iko wazi: mtawa mwenye pesa atanunua chakula chake, na asiyehitaji bakuli hahitaji kijiji, wala kijiji hakitakuwa na sababu ya kumuuliza anaishije.

Mchana sijui tena ni saa ngapi. Vyombo, hesabu, kuchuja maji ya matunda kwa kitambaa hadi yasibaki na nyama. Hayo mwisho wake ni alfajiri ijayo. Asali na sukari hukaa siku 7 tangu zipokewe, kwa hiyo kila chupa ina tarehe. Usiku huu mbili zimefika ukomo. Zinahamia jikoni kwa walei.