Nimerudi nyumbani, na ninaomba mnionyeshe ramani zenu kabla ya kuchimba msingi

Nimerudi jumla, safari hii si likizo. Na tangu nirudi, karibu kila ninayemtembelea ama anajenga, ama ndiyo kwanza amehamia, ama anatafuta fundi. Inanipa furaha kubwa. Ila kuna jambo linaniuma na siwezi kulinyamazia: tunasimamisha majengo yatakayotukamua kwa bili za umeme na maji miaka na miaka, wakati sehemu kubwa ya gharama hiyo ingefutwa kwa penseli, kabla tofali la kwanza halijanunuliwa.

Huko nilikokuwa nilisimamia jengo la ofisi lenye cheti cha jengo la kijani, yaani uthibitisho kwamba jengo linabana matumizi ya umeme na maji. Wengi hudhani cheti ni kibao cha kutundika mapokezi. Kwetu kilikuwa kazi ya kila siku. Viyoyozi vilikuwa na mita yao, taa mita yao, pampu mita yao, na maji yalipimwa ghorofa kwa ghorofa. Usiku mmoja wa wikendi, jengo likiwa tupu, mita ya maji ya ghorofa ya tatu ilikuwa ikisogea polepole bila kusimama. Tukapanda, tukatia rangi ya chakula kwenye matangi ya vyoo vyote, tukasubiri bila kuvuta maji. Haikuchukua muda, rangi ikaanza kuchuruzika kwenye bakuli la choo kimoja. Raba ya vali ilikuwa imechoka, kitu kidogo kinachoenea kiganjani. Bila mita ile maji yangevuja kwa miezi, bili ingegawanywa kwa wapangaji wote, na hakuna ambaye angejua kwa nini imepanda.

Ndiyo maana, nikiulizwa faida ya cheti, naanza na hiyo: kinamlazimisha mwenye jengo kuhesabu, kisha mtu asiyehusika na ujenzi anakuja kuzihakiki hesabu zake.

Mifumo ya kutoa vyeti hivi ipo mingi. BREEAM ya Uingereza ilianza mwaka 1990, LEED ya Marekani ikafuata mwaka 1998. LEED ina alama 110 kwa jumla: ukifikisha 40 unapata cheti, 50 ni daraja la fedha, 60 dhahabu, 80 platinamu. Mwenye mfuko mdogo mimi humwelekeza EDGE, mfumo wa IFC, Shirika la Fedha la Kimataifa lililo chini ya Kundi la Benki ya Dunia, kwa sababu sharti lake linaeleweka na yeyote. Uokoe angalau asilimia 20 ya nishati, asilimia 20 ya maji, na asilimia 20 ya hewa ya ukaa inayotokana na kutengeneza vifaa vyako vya ujenzi, ukilinganishwa na jengo la kawaida la eneo lako. Programu yake iko mtandaoni bure. Hata kama huna mpango wa kuomba cheti, ingiza vipimo vya nyumba yako, punguza ukubwa wa madirisha au badilisha rangi ya paa, uone hesabu zinavyobadilika.

Juzi mpwa wangu alinitandikia ramani mezani. "Mjomba, nisaidie kuchagua kiyoyozi chenye nguvu." Nikaitazama. Vyumba vyote vya kulala vimeelekea magharibi, vioo vikubwa, paa halikutokeza hata kidogo, na kila chumba kina dirisha kwenye ukuta mmoja tu. Nikamwambia kiyoyozi tukiweke kando kwanza. Jua la asubuhi na la jioni huwa chini, linapenya dirishani moja kwa moja, na paa lililotokeza haliwezi kulikinga vizuri. Kwa hiyo kuta ndefu zitazame kaskazini na kusini, zile fupi zibaki mashariki na magharibi. Upande wa magharibi wape stoo, bafu na ngazi. Hewa nayo inataka pa kuingilia na pa kutokea, basi chumba kiwe na matundu kwenye kuta mbili. Paa la rangi nyeupe hurudisha joto jingi la jua angani. Na kugeuza ramani hakuongezi hata mfuko mmoja wa saruji.

Saruji yenyewe ni suala zito. Utengenezaji wake unachangia takribani asilimia 8 ya hewa ya ukaa inayozalishwa na binadamu duniani, maana mbali na moto wa tanuri, mawe ya chokaa yakichomwa hutoa hewa hiyo yenyewe. Kama kuna nyumba ya zamani yenye msingi na kuta nzima, ikarabati badala ya kuibomoa.

Hesabu ya mvua ni nyepesi zaidi: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita 100 za mraba likinyeshewa milimita 20 linapokea lita 2,000. Zinazopotea njiani hazifuti faida hiyo.

Kuna na afya. Watafiti wa Harvard walichapisha mwaka 2015 utafiti ambapo wafanyakazi waliokaa kwenye mazingira ya jengo la kijani, yenye kemikali chache hewani, walipata alama za uwezo wa kufikiri zilizozidi kwa asilimia 61 zile walizopata kwenye hali ya ofisi ya kawaida. Wajenzi wa shule wangeanza na hilo.

Wapangaji, muwe macho: baadhi ya mifumo, BREEAM na EDGE ikiwemo, hutoa cheti cha awali kwa michoro tu. Ulizeni cha mwisho, kile kinachotolewa baada ya jengo kukamilika na kukaguliwa.

Mpwa wangu ameirudisha ramani kwa msanifu. Vyumba vya kulala vinahama, stoo na bafu zinachukua magharibi. Bado tunavutana kuhusu dirisha kubwa la sebuleni analolipenda. Nimemwomba walau aliwekee kivuli cha nje, maana pazia hulikuta joto la jua limeshavuka kioo. Mwenye ramani ambayo haijachimbiwa msingi aniletee, tuipitie pamoja bila malipo.