Shauri langu la kwanza lilikuwa la baba mkubwa

Nilipomaliza kidato cha sita, kijijini kwetu Mufindi walishanipangia kazi: ualimu, au bahati ikiwepo, unesi. Niliposema nataka ustawi wa jamii, shangazi akauliza, "Ndiyo ile ya kuunda vikundi vya akina mama?" Hapana shangazi, hiyo ni maendeleo ya jamii. Hadi leo watu wanatuchanganya, na nimeacha kukasirika.

Mimi nilikuwa nawafikiria wasichana niliomaliza nao darasa la saba. Kabla mwaka haujaisha, wanne walishapandishwa basi la alfajiri pale Mafinga, kwenda Dar es Salaam kulea watoto wa watu. Hakuna aliyeshangaa.

Mkopo ulinitesa. Baba alifariki nikiwa mdogo, na nyumbani tulikuwa na kibali cha mazishi tu. Bodi ya Mikopo inataka cheti cha kifo, tena kilichohakikiwa na RITA, wakala wa serikali wa kusajili vizazi na vifo. Tulipokipata, dirisha la maombi lilishafungwa. Mama akauza miti yake ya paina haijakomaa, kwa bei ya dalali ambayo naona aibu kuiandika. Mwaka wa kwanza pale chuoni Kijitonyama, Dar es Salaam, niliishi kwa paina hizo. Wa pili mkopo ukatoka. Kama wewe ni yatima, kifuatilie cheti hicho ukiwa kidato cha tano, usingoje matokeo.

Chuoni tulifundishwa usiri: mteja unakaa naye faragha. Nilipokwenda fildi nyumbani nikakuta faragha haipo. Ukiingia kwa mtu na daftari, hujatoka bado, kilabuni wameshajua.

Wiki ya tatu ikaja taarifa kutoka shuleni. Binti wa miaka 13, amebakiza miezi miwili afanye mtihani wa darasa la saba, haonekani darasani, inasemekana anaandaliwa safari ya Dar. Nikasoma jina la mzazi. Baba mkubwa wangu.

Msimamizi alisema nijitoe, shauri la ndugu halishikwi na ndugu. Kikanuni alikuwa sahihi. Ila baba mkubwa alishaapa kwamba hamsikilizi mtu wa kuja. Tukakubaliana: shauri alishike yeye na ripoti aandike yeye, mimi nitangulie kuzungumza.

Nilimkuta bondeni, kwenye kinyungu chake, bustani ya bondeni, cha viazi. "Kamwene baba." Akaitikia bila kuinua kichwa. Nikachukua jembe, nikapalilia matuta mawili ndipo akasema, "Umetumwa na serikali?"

"Nimetumwa, baba. Lakini ningekuja hata bila kutumwa."

Nilikuwa nimejiandaa kukutana na baba mkatili. Nikakutana na deni la mbolea, na elfu hamsini ya dalali wa wasichana wa kazi, ambayo ilishaliwa. Nikamwambia ada ilishafutwa. "Na sare? Na madaftari?" Nikakimbilia Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, niliyoipatia alama nzuri sana: mtoto chini ya miaka 14 haajiriwi.

Akasimama, akaegemea jembe. "Kwa hiyo nisubiri mwaka mmoja?"

Swali hilo hakuna mhadhiri aliyewahi kuniuliza. Nilirudi nyumbani na tope hadi magotini, sina jibu.

Aliyefungua njia ni shangazi, yule yule wa vikundi. Aliita kikao cha ukoo, wakachanga elfu hamsini ikarudishwa kwa dalali mbele ya mwenyekiti wa kijiji. Msimamizi akapeleka taarifa za huyo dalali Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Sare alishona jirani kwa mkopo, na kulipwa alilipwa kwa viazi. Mimi nilichofanya ni kumsindikiza binti shuleni asubuhi mbili tatu, maana aliona aibu. Mtihani alifanya, akafaulu. Hesabu alipata vibaya, kama mimi.

Baba mkubwa aliacha kuniita jina langu. Ananiita Serikali, hata msibani, mbele za watu. "Serikali, mbolea ya ruzuku inafika lini?"