Kanda 23 za Baba: kumbukumbu ya mradi wangu

Juni 6, Ijumaa

Sanduku limefika kwangu Nkuhungu, Dodoma, jioni hii. Nimelipakata ndani ya daladala kutoka Mpunguzi mpaka mjini, maana konda alitaka likae juu ya keria na mimi nikakataa. Ni lile sanduku la bati la kijani lililokuwa uvunguni mwa kitanda cha wazazi tangu tulipokuwa tunakaa kota za reli. Ndani mna kanda za video 23. Tano ni za shughuli za familia, 18 ni mapicha ya Kihindi ya Baba.

Baba ana miaka 78, Mama 71. Nilipofika asubuhi kulichukua, saa kumi na mbili na nusu, walikuwa wameshapalilia mistari minne ya mizabibu na kipupwe chote kile. Mama amejitanda khanga mbili, Baba amevaa koti lake la zamani la kazini. Nikashika jembe nisaidie. Mama akasema, "Wewe ongea na baba yako, sisi tumeshazoea."

Mradi una sehemu mbili. Kwanza, kuhamisha kanda zote kuwa faili kabla hazijafa. Pili, kurekodi sauti ya Baba akisimulia picha zake. Hii ya pili ndiyo inayonikosesha usingizi, kwa sababu kanda unaweza kuibandika ikikatika.

Asiyemjua Baba aelewe hivi. Alifanya kazi kwenye gengi la reli zaidi ya miaka 30, akianza enzi za Jumuiya ya Afrika Mashariki na kuendelea na shirika letu lilipoundwa 1977. Kazi yake ilikuwa kukaza boliti, kubadilisha mataruma na kushindilia kokoto. Mapenzi ya sinema aliyapata ujanani, kwenye jumba la sinema la mjini, akiwa amesimama nyuma kwa kukosa nafasi ya kukaa. Kihindi hajui hata neno moja, lakini picha aliyoiona mara moja aliweza kuisimulia gengi zima kwa wiki nzima, kipande kwa kipande, wakati wa kula.

Huku Bara televisheni zilianza kurusha matangazo 1994. Mwaka uliofuata Baba alinunua televisheni ya inchi 14 na deki, vyote vya mkononi. Pesa ilitoka Gulwe. Mvua zikizoa tuta la reli upande ule, na zilikuwa zikilizoa mara kwa mara, wanapanda kiberenge, kile kigari cha mafundi wa reli, usiku na kulala hukohuko mpaka njia ipitike. Ovataimu za mafuriko ndizo zilizotuletea waigizaji Nargis na Raj Kapoor sebuleni.

Juni 14, Jumamosi

Deki ya Baba haizungushi tena. Mikanda ya mpira ndani imekuwa kama lami. Nimezunguka kwa mafundi wa redio karibu na soko la Majengo tangu saa tatu, mpaka mmoja akanitolea deki iliyokuwa chini ya rundo la spika. Deki za kanda za VHS zilianza Japani 1976, na kiwanda cha mwisho kilichokuwa bado kinazitengeneza, Funai, kiliacha Julai 2016. Kwa hiyo kila deki unayoiona sasa ni mzee anayehitaji kutunzwa.

Nimeifungua na kusafisha hedi, vile vichwa vinavyosoma mkanda, mwenyewe. Ngoma yenye hedi inazunguka mara 1,500 kwa dakika na hedi zenyewe ni ndogo sana, kwa hiyo nililowesha karatasi isiyotoa nyuzi kwa spiriti, nikaishikilia palepale, nikazungusha ngoma taratibu kwa kidole. Ukisugua juu na chini unazivunja.

Ukavu wa Dodoma umetusaidia. Kanda za shemeji yangu aliye Tanga zimeota ukungu mweupe zote, hizi za Baba ni nne tu. Adui yetu huku ni vumbi. Kila kanda naifuta nje kwanza, halafu naipeleka mbele mpaka mwisho na kuirudisha kabla ya kuicheza, ili mkanda uachane.

Juni 22, Jumapili

Leo naandika kwa kirefu.

Nimeanza na kanda za familia. Ya kwanza ina karatasi yenye mwandiko wa Baba: "KIPAIMARA 1997. USIFUTE." Dada alikuwa na miaka 15, mimi 13. Nusu saa ya kwanza ni kanisani, sauti inakoroma na picha inaruka. Kisha nyumbani, wageni wa kutoka kijijini wanaingia, "Mbukwenyi! Mbukwenyi!", salamu ya Kigogo, shangazi wawili ambao sasa ni marehemu wanacheza uani. Nilikuwa nimesahau kwamba shangazi mkubwa alikuwa mrefu vile.

Mpiga picha alikodiwa kwa ajili ya kanisani na chakula tu. Lakini inaonekana alikaa kula pilau akaacha kamera ikiendelea juu ya kabati, kwa sababu kuanzia dakika ya 47 picha haisogei tena. Ni sebule yetu. Televisheni iko juu ya meza yenye kitambaa cha kudarizi, watoto wamejaa mkekani, majirani wamesimama dirishani. Picha ya Kihindi, Mother India, inaendelea. Pembeni ya televisheni amesimama Baba na shati lake jeupe la kanisani, anasimulia.

Nilikuwa nimeyazoea masimulizi yake kama mtu anavyozoea sauti ya mvua juu ya bati. Kuyasikia tena baada ya miaka 28 ni jambo lingine. Hatafsiri. Anajua yanayotokea, na maneno anawawekea watu wake. Ile picha, ambayo ni ya 1957, inahusu mama mkulima aitwaye Radha. Harusi yake ililipiwa kwa mkopo wa rupia 500 kutoka kwa Sukhilala, na wazee wa kijiji wakaamua robo tatu ya mavuno iende kwenye riba. Baba anaieleza hivi: "Unavuna gunia nne. Tajiri anabeba tatu. Na deni liko palepale!" Sebule nzima, "Looo!" Mzee mmoja dirishani anasema, "Huyo namjua," na watu wanacheka, kisha wananyamaza.

Halafu, kwa mbali, honi ya treni.

Mama anatokea mlangoni. Ameshabadilisha nguo ya sherehe. Beseni la maandazi liko kichwani, birika mkononi. Treni ya kutoka bara, ya kushuka Dar, ilikuwa ikichelewa karibu kila siku, na ikichelewa inafika picha ikiwa imenoga. Mama alikuwa akiuza chai stesheni. Kwa miaka yote ya deki, Mama hakuwahi kuona mwisho wa picha hata moja. Nimeandika sentensi hiyo nikasimama kwanza. Tulikuwa watoto, tukiuona mgongo wake ukitoka, tunarudisha macho kwenye televisheni.

Kwenye kanda anasema, "Mzee, niambie mwisho kabisa. Treni hiyo."

Baba anamgeukia. "Birju anatupa bunduki. Anapiga magoti mbele ya mama yake. Wanarudi kulima wote."

"Haya," Mama anasema, na anaondoka.

Nimeirudia sehemu hiyo mara sita. Kwa sababu mwisho wa picha ile sio huo. Birju, mtoto aliyeharibikiwa akawa jambazi, anamuua Sukhilala na kumteka binti yake siku ya harusi. Radha, mama yake mzazi, anampiga risasi. Birju anafia mikononi mwake. Baba alikuwa ameiona picha ile tangu ujana. Alikuwa anaujua mwisho wake kuliko mtu yeyote mle ndani.

Julai 5, Jumamosi

Kanda tisa tayari. Kazi haina njia ya mkato: kanda ya saa tatu inahama kwa saa tatu, na kila saa inakula GB 13 hivi. Jana umeme ulikatika ikiwa imebaki dakika kumi tu, nikaanza upya usiku. Kanda mbili mkanda umekunjamana. Nimezinyoosha kwa vidole vyenye glavu na picha imerudi, ikiwa na mistari chini.

Julai 19, Jumamosi

Nilienda Mpunguzi na kinasa sauti. Sikutaka kumuuliza Baba mbele ya Mama. Nikamfuata kwenye mizabibu, alikuwa anafunga matawi kwenye waya. Vidole vyake vimepinda kwa spana za reli, lakini fundo anafunga haraka kuliko mimi. Nikamwonyesha kipande kile kwenye simu. Akakitazama mpaka mwisho. Akaomba nirudie.

"Nilikuwa na nywele," alisema kwanza.

Kisha akaendelea kufunga huku anaongea. Kaka mkubwa alikuwa ameondoka 1996 kwenda machimbo ya dhahabu upande wa Kahama. Waliachana vibaya na Baba, jambo hilo nalijua. Mwaka wa kipaimara alikuwa hajaleta hata barua. "Mama yako treni ikifika anamimina chai, macho yako kwenye mabehewa. Kila treni. Mimi nikiwa zamu nilikuwa namwona. Sasa mtu kama huyo, anakwenda stesheni usiku, nimwambie mama kampiga mwanawe risasi?"

Nikanyamaza.

"Steringi hafi," akasema. Steringi ndiye shujaa wa picha, na tulilisema neno hilo utotoni kila picha ilipoanza, mtaa mzima, kama sheria. Kwenye mdomo wa Baba sikuwahi kulisikia zito namna ile.

Kaka alirudi 1999 kwa treni hiyohiyo ya kutoka bara. Mama ndiye aliyemwona, akaliacha beseni jukwaani na abiria wakala maandazi bure. Leo kaka ana familia yake Kizota. Baba hakuurekebisha ule mwisho. "Nafasi haikupatikana," alisema.

Siku hiyo nilirekodi masimulizi matatu, saa mbili na dakika kumi. Nilimwambia pia kwamba Sunil Dutt, yule aliyecheza Birju, alimwokoa Nargis, aliyecheza Radha, moto ulipomzunguka wakati wa kupiga picha hiyohiyo, na 1958 wakaoana. Alifurahi sana. Aliacha waya akasema hilo lazima liingie kwenye masimulizi.

Agosti 9, Jumamosi

Kanda ya Baba ya Mother India ni mojawapo ya zile nne zenye ukungu, kwa hiyo nilitafuta nakala safi. Ni dakika 172. Nilitaka Mama aione yote, mwanzo hadi mwisho, akiwa ameketi.

Jana, Nane Nane, tulianza. Wengine walikuwa Nzuguni kwenye maonyesho, sisi tukakaa Mpunguzi. Mama aliamka saa kumi alfajiri kama kawaida, na kufikia dakika ya 40 alikuwa amelala na ungo wa karanga mapajani. Baba akaniashiria nizime. "Ndivyo alivyo. Kesho."

Leo alilala mchana kwa makusudi. Saa moja jioni akaoga, akavaa gauni la kutokea, akakaa kwenye kiti cha mbele. Nadhani hapo ndipo nilipoelewa kwamba alikuwa na hamu yake ya siku nyingi.

Kwenye habari ya mkopo alikasirika. "Mimi sikusoma, lakini debe langu nililijua. Angepima mwenyewe." Mafuriko yalipokuja, Radha amesimama majini amewainua watoto juu, Mama akamshika Baba mkono bila kumtazama. Radha alipobeba plau begani baada ya mume kuondoka, alisogeza kiti mbele. Hakusema kitu kwa muda mrefu.

Harusi ya binti wa Sukhilala ilipoanza, Baba akainuka. "Nakwenda kuangalia ndege." Zabibu zimeanza kuiva na ndege wanazishambulia kweli, lakini ilikuwa saa nne kasoro usiku. Akachukua tochi akatoka.

Mama aliuona mwisho. Bunduki, mtoto kumwangukia, ule mkono wenye damu, kisha Radha mzee na maji ya mfereji yanayogeuka mekundu. Maandishi yakapita. Nikawa naogopa kumtazama.

Akajifuta kwa ncha ya khanga. Akageukia mlango, akaita kwa sauti ile ya stesheni:

"Mzee! Njoo ndani. Njoo utusimulie mwisho wako."

Baba akaingia, tochi bado inawaka. Akatutazama sote wawili. Kisha akaenda kusimama pembeni ya televisheni, upande uleule wa kulia. Nikawasha kinasa sauti.

Alisimulia dakika 11. Birju akatupa bunduki. Akapiga magoti. Lakini safari hii Baba aliongeza: kwanza Birju alikwenda mbali sana kufanya kazi, akakaa miaka mitatu, ndipo akarudi, na alirudi kwa treni.

"Na mama yake yuko stesheni?" Mama aliuliza.

"Yupo. Treni imechelewa, lakini yupo."

Agosti 17, Jumapili

Faili la Mother India la nyumbani kwetu sasa lina sauti mbili: ya picha yenyewe, na ya Baba kwa dakika 11 za mwisho. Nimetengeneza nakala tatu, moja iko kwa kaka Kizota. Kanda 19 tayari, zimebaki nne za ukungu. Hizo nitazifungulia nje, mbali na deki, na barakoa usoni. Lakini sio wiki hii. Jumatatu wazazi wanaanza kuvuna na nimeomba likizo ya siku tano nikabebe kreti. Mama ameshaniambia saa kumi na moja niwe nimefika.